Mwani Ulioshiba Hauweki Akiba

Kwenye rafu ya maabara ninayofanyia kazi ipo chupa ya soda yenye mafuta ya rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, nayo haijajaa hata kufika shingoni. Hayo ndiyo mafuta yote tuliyoyapata katika mwezi ulio bora kuliko yote wa mradi uliodumu miaka mitatu, mradi ambao katika maombi ya fedha tuliueleza kuwa utasafisha majitaka ya shule ya bweni na papo hapo kuzalisha dizeli ya kuendeshea jenereta yake. Maji tuliyasafisha, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Dizeli ndiyo hiyo iliyomo chupani.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya maji, na nilikuwa na sababu yangu ya kuvutiwa na nishati mimea. Mwaka 2008, bei ya mafuta ghafi ilipopanda hadi kupita dola 140 kwa pipa, mbono kaburi, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya nishati, ulikuwa ukisifiwa kila pembe ya Tanzania, na baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwa waliong'oa mihogo ili kuupanda. Miti ilistawi, mbegu zikawa haba, na mnunuzi hakurudi. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kuhusu mwani mdogo, yaani vile viumbe vya chembe moja vinavyoyapa maji ya dimbwi rangi ya kijani, kwamba hauhitaji shamba la rutuba, wala mbolea ya dukani, wala maji safi. Nikaona kwamba hapa hakuna muhogo utakaong'olewa. (Nasema mwani mdogo kwa sababu kila nilipotaja mwani peke yake watu walidhani nazungumzia ule wa Paje na Jambiani, unaofungwa kwenye kamba baharini.)

Shule yenyewe iko mkoani Morogoro, na sitaitaja. Ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia sita, na majitaka ya mabweni na jikoni yaliingia katika karo kubwa la zege ambalo kila masika lilifurika na kumwagikia kijito. Mbele ya karo hilo tulijenga bwawa la mita 30 za mraba, lenye umbo la njia ya mbio za riadha na ukuta mfupi katikati, na kina chake kilikuwa sentimita 30 tu, kwa kuwa mwanga wa jua haupenyi mbali katika maji ya kijani na kila chembe ilipaswa kupata zamu yake ya kuliona jua. Gurudumu la makasia manane, lililotengenezwa na seremala wa shule na kuunganishwa na mota ya nusu farasi, liliyazungusha maji kwa mwendo wa kama sentimita 20 kwa sekunde, mwendo wa jani linaloelea kwenye mfereji wa shamba la mpunga. Kila siku tuliingiza lita 1,500 kutoka karoni na kiasi kama hicho kikatoka, hivyo maji yalikaa bwawani siku sita kwa wastani.

Kinachotokea ndani ya maji hayo ni mabadilishano. Bakteria huvunjavunja uchafu na kutoa hewa ya kaboni, amonia na fosfeti, nao kwa kazi hiyo huhitaji oksijeni. Mwani huchukua kaboni, amonia na fosfeti hizo, na kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni ile ile ambayo bakteria wanaihitaji. Katika mitambo ya miji mikubwa oksijeni hupulizwa kwa mashine zinazokula umeme usiku na mchana. Hapa huletwa na jua. Aliyeieleza kazi hii kwa undani na kuijengea mabwawa ya aina hiyo alikuwa mhandisi William Oswald wa California, kuanzia miaka ya 1950, na hata mabwawa ya kawaida ya majitaka yaliyo pembezoni mwa miji yetu mingi hutegemea kanuni hiyo hiyo, ila hayo ni ya kina kirefu zaidi, hayazungushwi, na humaliza kwa wiki kadhaa kazi ambayo letu lilifanya kwa siku.

Katika wiki ya pili harufu ilikwisha. Ilikwisha kweli, kiasi kwamba mama mmoja wa jikoni alikuja kuuliza kama tumeziba bomba. Saa tisa alasiri kipimo cha oksijeni kilionyesha zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho maji hushika kwa kawaida, na pH, yaani kipimo kinachopanda kadiri uchachu wa maji unavyopungua, ambayo asubuhi ilikuwa karibu na saba, ilipanda kupita tisa na nusu, kwa sababu mwani ulikuwa umekwisha kufyonza hewa ya kaboni iliyokuwa ikiyatia maji uchachu. Hali hiyo ya pH kubwa, oksijeni tele na jua kali ni kifo kwa bakteria wengi wa kinyesi. Sahani zetu za maabara za kuoteshea bakteria, ambazo kwa maji ya karo zilijaa madoa hadi tukashindwa kuhesabu, kwa maji ya bwawani zilibaki na madoa machache. Amonia nayo ilipungua, sehemu ikiwa imeliwa na mwani na sehemu ikiwa imetoroka hewani kwa sababu ya pH hiyo, jambo ambalo katika taarifa yetu ya kwanza tulilinyamazia na kuuhesabia mwani sifa yote.

Kosa la pili la taarifa ile lilitokana na saa ya kupima. Sisi tulipima saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwa kuwa ndiyo saa za kazi. Aliyetufungua macho alikuwa mlinzi wa usiku, mzee ambaye kwa muda mrefu nilimsalimia tu shikamoo na kupita. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nyinyi mnalijua bwawa la mchana. Njoo ulione la alfajiri." Nilifika saa kumi na moja alfajiri na kipimo changu nikakuta oksijeni karibu na sifuri, maana usiku mwani hauna jua na wenyewe huvuta oksijeni kama sisi. Mzee hakuwa na kipimo, alikuwa amenusa. Tangu siku hiyo tulimpa daftari, pamoja na sahani nyeupe iliyotobolewa na kufungwa kamba yenye vifundo, ambayo aliizamisha kila asubuhi na kuandika ilipotea machoni kwenye kifundo cha ngapi. Daftari hilo lilitufaa kuliko nusu ya vifaa tulivyoagiza nje.

Ni daftari hilo lililoandika, mwezi wa tano wa mwaka wa kwanza, kwamba sahani ilionekana hadi sakafuni. Maji yalikuwa yamegeuka meupe kwa siku mbili. Siku hiyo hiyo tulikuwa na wageni, nao walitupongeza kwa maji masafi, na mimi, niseme ukweli, nilipokea pongezi hizo kwanza ndipo nikaenda kwenye hadubini. Mwani ulikuwa umeliwa. Viroboto vya maji, wadudu wadogo wanaorukaruka wenye ukubwa wa punje ya ulezi au chini ya hapo, walikuwa wamezaliana na kulichuja bwawa zima, na kwa kuwa hakukuwa tena na mtoa oksijeni, siku ya nne harufu ya karo ilirudi. Hatukuwa tumeweka mbegu pembeni. Tulisubiri karibu wiki tatu mwani uote upya wenyewe, na baada ya hapo hatukukosa kamwe mapipa mawili ya maji ya kijani yaliyofunikwa kwa chandarua. Wadudu waliporudi, tuliwakabili kwa kusimamisha gurudumu usiku na kuingiza maji mengi ya karo kwa mkupuo, ili waamke katika amonia nyingi na oksijeni kidogo. Mwani huvumilia usiku kama huo, wadudu hao wengi wao hawauvumilii.

Jambo lililotumaliza nguvu kuliko yote lilikuwa uvunaji. Bwawa linaloonekana kama supu nzito ya kisamvu huwa na mwani mkavu usiofika hata gramu moja katika lita; letu lilikuwa na gramu 0.2 hivi. Kila chembe ina upana wa sehemu chache za elfu ya milimita, na uzito wake unakaribiana na wa maji, kwa hiyo haizami wala haielei. Na usipoivuna hujasafisha kitu. Kiwango cha Tanzania kinataka majitaka yanayorudishwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita za mahitaji ya oksijeni, yaani kile kipimo ambacho maabara tunakiita BOD, na mwani ukiachwa humo hufa mtoni, huoza, na kuidai oksijeni ile ile uliyoitoa. Tulikuwa tumebadilisha uchafu wa kahawia kuwa uchafu wa kijani.

Tulianza na vitambaa. Khanga haikuzuia chochote; shuka la hospitali lilizuia kwa dakika tano kisha likaziba. Nilikumbuka kwamba wanawake wa Kanem, kando ya Ziwa Chad, huvuna spirulina, aina ya mwani mdogo unaoliwa, kwa kuchuja na kuianika mchangani, na kwamba heroe wa Ziwa Natron huishi kwa kuichuja kwa midomo yao, lakini spirulina ni nyuzi ndefu zilizojipinda kama springi, na kwetu zilikuwa chembe za mviringo. Tukajaribu kuotesha spirulina yenyewe kwa kutia magadi, kwa kuwa hupenda maji yenye magadi mengi. Ilikubali, ila maji yaliyotoka yalikuwa na chumvi ambayo hakuna mgomba ungeitaka, tukaacha. (Wakati huo huo mtu mmoja, baada ya kusoma kwamba spirulina huuzwa kama chakula cha lishe, alipendekeza tuwachanganyie wanafunzi katika uji. Kitu kilichooteshwa kwenye maji ya choo hakiingii kwenye uji, hata kikiwa na protini kiasi gani.)

Kisha tukaja kwenye mlonge. Mbegu zake zilizotwangwa zimetumika tangu zamani kutuliza maji ya tope, kwa sababu protini iliyomo ina chaji chanya na huvuta vitu vidogo vyenye chaji hasi, na mwani ni mmojawapo. Ilifanya kazi kwa namna ya kufurahisha: ndani ya saa moja pipa lilikuwa na maji meupe juu na tope la kijani chini. Nilipiga picha nyingi siku hiyo. Wiki iliyofuata nilikaa kupiga hesabu. Tulikuwa tukitumia gramu 100 hivi za mbegu kwa kila lita elfu, sawa na gramu 150 kwa siku, na mbegu za mlonge zina mafuta yanayofika theluthi moja ya uzito wake. Maana yake kila siku tulikuwa tukitumbukiza gramu 50 za mafuta ya mlonge ili tukamate mwani ambao mafuta yake yote, hata kama tungeukamata wote bila kupoteza chembe, yasingezidi gramu 36. Kama tulitaka mafuta, tungekamua mlonge na kwenda zetu kulala.

Njia iliyotukomboa haikuhitaji kununua kitu. Tuligundua kwamba gurudumu likisimamishwa alasiri, pH ikiwa juu, sehemu ya mwani hujishika yenyewe pamoja na bakteria na kuzama. Watafiti wa New Zealand walikuwa wameshaonyesha kwamba ukirudisha bwawani kiasi cha ule uliozama, baada ya muda aina zinazozama ndizo hutawala, kama mkulima anayebakiza mbegu kutoka masuke anayoyapenda. Tulifanya hivyo kwa miezi miwili, na taratibu hadubini ilianza kuonyesha makundi ya chembe nne na nane zilizoshikana mahali pa chembe zilizotawanyika. Kuanzia hapo tulivuna karibu nusu ya kilichoota bila kutumia dawa yoyote, na maji yaliyobaki tuliyapitisha kwenye kitanda cha kokoto na matete.

Sasa nirudi kwenye mafuta. Kila andiko nililosoma kabla ya mradi lilitaja mwani wenye mafuta hadi asilimia 40 au zaidi ya uzito wake mkavu. Wa kwetu ulikuwa na 12. Nilidhani ni aina mbaya, nikaagiza nyingine; baada ya wiki mbili zilimezwa na zile za kienyeji na kipimo kikarudi pale pale. Sababu haikuwa aina. Mwani huweka mafuta pale unapokosa naitrojeni: hauwezi kutengeneza protini, hauwezi kugawanyika, lakini jua linaendelea kuwaka juu yake, kwa hiyo kaboni inayofyonzwa hugeuzwa wanga au mafuta na kuwekwa ghalani hadi siku njema zirudi. Sisi tulikuwa tunaulisha majitaka, ambayo kwa mwani ni karamu ya naitrojeni, ile iliyomo kwenye amonia, kutwa kucha. Mwani ulioshiba hauweki akiba. Na tulipoutoa na kuuweka kwenye beseni za maji matupu ili uone njaa, mafuta yaliongezeka kidogo huku ukuaji ukikoma kabisa. Kinachosafisha maji ni ukuaji, na kinacholeta mafuta ni njaa. Katika bwawa moja hilo tulikuwa tumeahidi vyote viwili.

Hesabu ya nishati niliifanya mwisho ingawa ilipaswa kuwa ya kwanza. Mota ya nusu farasi ikizunguka siku nzima ilimaliza karibu yuniti tisa za umeme. Mwani tuliovuna kwa siku, gramu 150, ungechomwa wote ungetoa joto lisilofika yuniti moja. Mota ilikuwa kubwa mno kwa bwawa dogo, hilo nakiri, na katika mabwawa makubwa uwiano huo ni nafuu sana. Baadaye tuliweka mota ya wati 60 inayoendeshwa na paneli ya jua mchana tu. Lakini kukausha hakukuwa na nafuu hiyo. Tope lililozama na kuchujwa lilikuwa maji kwa asilimia 90, na kugeuza maji kilo moja kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya megajuli mbili, kwa hiyo kupata kilo moja ya mwani mkavu kwa jiko ni kutumia nishati karibu sawa na ile iliyomo ndani ya kilo hiyo. Tulianika juani kwenye maturubai kama dagaa. Jua halidai kitu, ila masika yalidai, na inzi walidai. Baada ya hapo ilikuja heksani ya kuyeyushia mafuta, ambayo tuliitumia kwa lita ili kupata mililita, na nusu ya kilichoyeyuka haikuwa mafuta ya kugeuzwa dizeli bali rangi ya kijani ya mwani wenyewe.

Ndipo nilipoisoma taarifa ambayo ningeisoma kabla ya kuandika neno lolote la maombi. Wizara ya Nishati ya Marekani iliendesha utafiti wa mafuta ya mwani tangu 1978 hadi 1996, ikatumia takriban dola milioni 25, ikakusanya aina zipatazo 3,000 na kujenga mabwawa ya mita za mraba 1,000 huko Roswell, New Mexico. Taarifa ya kufunga kazi ilitoka 1998. Ilisema mafuta hayo hayakuweza kushindana kwa bei na ya petroli, na kwamba mahali pa karibu pa kuanzia ni kusafisha majitaka, nishati ikiwa ni faida ya pembeni. Miaka kumi kabla baba mdogo hajang'oa lile shamba wala mimi sijaota kuhusu bwawa, jambo lilikuwa limeandikwa.

Mwaka wa tatu tuliacha kukausha. Tope bichi tuliliingiza moja kwa moja kwenye mtambo wa biogesi wa shule, pamoja na kinyesi cha ng'ombe wanne na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi si mapambo: mwani una naitrojeni nyingi mno kulinganisha na kaboni, na ukiuozesha peke yake amonia hukaba bakteria wanaotengeneza methani, yaani gesi inayowaka. Mwani wetu kwa siku, ukihesabiwa peke yake, ulitoa gesi ya kuchemsha birika moja la chai. Niliiandika hivyo hivyo kwenye taarifa ya mwisho, birika moja, na mwenzangu mmoja alinisihi niandike kwa lita za methani ili isomeke vizuri zaidi. Hata hivyo birika moja kila siku lilizidi kwa mbali chupa moja kwa mwezi, na halikuhitaji heksani wala jua la kuanikia. Huko Chiclana, kusini mwa Hispania, mradi wa mabwawa ya aina hii kwa kiwango cha hekta umeendesha magari kwa gesi ya mwani wa majitaka. Nao walichagua gesi, hawakuchagua kukamua mafuta.

Mfadhili hakuongeza muda, kwa sababu aliyelipia dizeli hakuona dizeli, na sina neno la kumlaumu, kwani ahadi ilikuwa yetu. Shule ilibaki na bwawa. Masika mawili yamepita bila karo kumwagikia kijito, maji yanayotoka humwagilia migomba na miche ya miti, na mzee, ambaye sasa analipwa posho ya bwawa juu ya mshahara wa ulinzi, yuko kwenye daftari la nne.

Wageni wanaofika maabara bado huomba kupiga picha chupa ile. Nawaruhusu, ila nimeibandika karatasi yenye mistari miwili niliyoiandika kwa kalamu nene: yuniti za umeme zilizoingia mwezi ule, na mililita zilizotoka.